Kungojea Tamthilia Mpya: Uteuzi wa Michezo ya Kiswahili na Nafasi ya Mwanamke Jukwaani

Hadhira ya tamthilia huanza kuwapo kabla mchezo haujaanza. Mtu anayeungojea mchezo mpya amekwisha kuuliza ni wa nani, unahusu nini, na ni akina nani watakaoucheza. Naye huingia ukumbini akiwa na mchezo wake mwenyewe kichwani, ambao ule wa jukwaani utauthibitisha au kuuvunja. Wahakiki wetu, kwa kuwa wamezoea kuanzia ukurasa wa kwanza wa kitabu, hawajalishughulikia sana jambo hili. Makala haya yanakusudia kulitazama kwa mintarafu ya tamthilia za Kiswahili nchini Kenya, na hasa kuuliza: katika michezo ambayo hadhira yetu imengojeshwa, mwanamke amepewa nafasi gani, akiwa mtunzi na akiwa mhusika?

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, jumba la michezo hutangaza mapema orodha ya michezo ya msimu mzima. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamili, aliona jinsi wapenzi wa tamthilia walivyoisoma orodha hiyo kama mkulima asomavyo mawingu. Orodha ikiwapo, kuhesabu ni rahisi. Mwaka 2015, hesabu iliyofanywa Marekani ilionyesha kwamba katika misimu mitatu mfululizo ni asilimia 22 tu ya michezo iliyoonyeshwa ambayo ilitungwa na wanawake. Mwaka uliotangulia, kundi la watunzi na waandaaji wa Los Angeles liitwalo The Kilroys lilikuwa limekwisha kutoa orodha yake la kwanza ya tamthilia za wanawake zilizostahili kuonyeshwa, ili wenye majumba wasiendelee kudai kwamba hawazioni. Hoja yao ilikuwa nyepesi lakini kali: tatizo si uchache wa kazi, bali ni macho ya mteuzi.

Je, kwetu orodha iko wapi? Jumba la Taifa la Michezo la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, na kwa miaka mingi ratiba yake ilipangwa kwa ladha ya wageni. Msomaji atakumbuka mvutano wa Oktoba 1976, wakati mchezo wa Dedan Kimathi ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na marehemu Micere Githae Mugo, na ule wa Francis Imbuga uitwao Betrayal in the City, ilipogombea siku chache za ukumbi huo na maonyesho ya kigeni, ingawa ndiyo michezo iliyokuwa ikitayarishwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Kwa kawaida kisa hicho husimuliwa kama kisa cha Mwafrika kunyimwa jukwaa katika nchi yake, na ni haki kusimuliwa hivyo. Lakini kina upande mwingine usiotajwa sana. Mmoja wa watunzi wawili wa mchezo huo alikuwa mwanamke, na mhusika anayeuunganisha mchezo mzima, anayebeba ujumbe na kujigeuza sura ili kuwapita askari, ni mwanamke asiye na jina. Anaitwa Mwanamke, basi. Kuna watakaosema kwamba kutokuwa na jina kunamfanya awakilishe wanawake wote waliopigana. Yawezekana, lakini Kimathi naye anawawakilisha wengi, wala hakunyimwa jina lake.

Tukiachilia mbali jumba hilo na vichekesho vya mjini, ambavyo aghalabu havichezwi kwa Kiswahili, tunathubutu kusema kwamba msimu wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya hupangwa darasani. Orodha yetu ni orodha ya vitabu vya kutahiniwa katika shule za upili. Kitabu kikitangazwa, walimu hukitafuta, wachapishaji hutoa miongozo, na makundi ya waigizaji huanza kuzunguka shuleni wakikicheza kwa malipo madogo. Kwa wanafunzi wengi hiyo ndiyo tamthilia ya Kiswahili ya kwanza kuiona ikichezwa na watu wazima, na kwa baadhi yao ndiyo ya mwisho. Jumba la London likikosea mwaka huu laweza kujirekebisha mwaka ujao. Kwetu mchezo mmoja hutawala kwa muda wa miaka minne, mitano au zaidi, na kizazi kizima cha wanafunzi hupita chini yake.

Na tuitazame basi orodha hiyo katika miaka ya karibuni. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia kilifuatwa na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyoanza kutahiniwa mwaka 2013. Mwaka 2018 ikaja Kigogo ya Pauline Kea. Na baada yake Bembea ya Maisha, ambayo pia ni ya Arege. Tamthilia nne, na mwanamke ametunga moja. Linganisha na riwaya zilizokwenda sambamba nazo: Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Hapa wanawake wamefikia nusu. Tofauti hii ndiyo inayotushughulisha, kwani wateuzi wanatoka katika taasisi ile ile, na kama tatizo lingekuwa ni chuki dhidi ya kalamu ya mwanamke, lingeonekana katika riwaya pia.

Kwa maoni yetu sababu moja kubwa ni kwamba riwaya hudai meza, na tamthilia hudai ukumbi. Mwandishi wa riwaya aweza kuiba saa mbili usiku watoto wakiisha kulala. Mtunzi wa mchezo huhitaji waigizaji, mazoezi ya jioni, na watu wa kumwambia kwamba mazungumzo ya onyesho la tatu hayatamkiki. Mwanamke anayerudi nyumbani usiku kutoka mazoezini huulizwa maswali ambayo mwenzake wa kiume haulizwi. Mahali ambapo ukumbi umepatikana kwa urahisi, watunzi wanawake wametokea. Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Penina Mlama, alifundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia Hatia (1972) alitoa mchezo baada ya mchezo. Katika chuo hicho hicho yeye, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya waliandika kwa pamoja Harakati za Ukombozi (1982). Hapa Kenya tunalo tamasha la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo lililoanza mwaka 1959, na kila mwaka walimu wanawake hutunga na kuongoza michezo humo. Miswada mingi ya michezo hiyo hubaki katika sanduku la mwalimu, ikachakaa. Tungependa kuona mchapishaji mmoja tu akienda tamashani na kalamu badala ya kwenda na hotuba.

Kuna hoja mbili zinazotolewa mara kwa mara kila swali hili linapozuka. Ya kwanza ni kwamba tamthilia za wanawake hazipo, na mteuzi hawezi kuteua kisichokuwapo. Hoja hii haihitaji kutuchelewesha. Nguzo Mama imekuwapo tangu 1982, Lina Ubani tangu 1984, na Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi tangu 1987.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba mwanamume aweza kumchora mwanamke shujaa, na hivyo jinsia ya mtunzi haina maana. Ni kweli kwamba Alamin Mazrui katika Kilio cha Haki (1981) alimpa Lanina uongozi wa wafanyakazi wa shamba la mlowezi, na Kithaka wa Mberia katika Natala (1997) alimsimamisha mwanamke anayekataa kurithiwa na shemeji yake. Hizi ni kazi za heshima. Hata hivyo, Lanina na Natala ni mashujaa kwa sababu ni tofauti na wengine. Mtunzi amemnyanyua mmoja juu ya wenzake, na hadhira humshangilia huyo mmoja. Kanuni ya ushujaa imebaki ile ile ya Kinjeketile na Mwelusi, ila imevikwa nguo nyingine.

Nguzo Mama yakataa kanuni hiyo. Wanawake wa kijiji cha Patata wamepewa kazi ya kuisimamisha nguzo, na mchezo mzima ni wa kushindwa kuisimamisha. Kila mmoja ana dhiki yake, na dhiki hizo, badala ya kuwaunganisha, huwatawanya. Majina yao ni ya hesabu, Bi Pili hadi Bi Nane, na hapa kukosa jina la kipekee kuna maana ambayo haikuwapo kwa yule Mwanamke wa mwaka 1976, kwani hakuna Kimathi wa kuwafunika. Na anayelisimulia jambo hili lote ni Bi Msimulizi, mwanamke anayeshika mamlaka ya ngano kama bibi mbele ya wajukuu, akizungumza na hadhira moja kwa moja. Mtu aliyekuja ukumbini akingojea shujaa atarudi nyumbani bila shujaa, akiwa na swali. Tumewasikia walimu wakisema kwamba mchezo huu ni mgumu kufundisha kwa sababu hauna mhusika mkuu. Sisi twadhani ndiyo sababu hasa ya kuufundisha.

Isidhaniwe kwamba tunadai kila kalamu ya mwanamke ni dawa. Kigogo ina Tunu, mmoja wa wahusika wanaopendwa mno na wanafunzi wa siku hizi, anayeongoza watu wa Sagamoyo dhidi ya Majoka hadi kuumizwa mguu. Lakini katika mchezo huo huo Ashua, mke wa Sudi, anakwenda ofisini kwa Majoka kwa sababu ya njaa ya watoto wake, na mara Husda, mke wa mtawala, anaingia, na wanawake wawili wanakabana huku mwenye kosa akitazama. Mandhari haya yamechoka. Tumeyaona katika vichekesho vingi mno. Kadhalika sanamu ya shujaa mwanamke anaichonga Sudi. Twaweza kuona hapo mwanamume anayemtambua mwanamke kabla ya nchi kumtambua, lakini pia twaweza kuona kwamba hata katika tamthilia ya mwanamke patasi bado iko mkononi mwa mwanamume. Kwa upande mwingine Bembea ya Maisha, ya mtunzi mwanamume, inajali nyumba iliyosemwa vibaya kwa sababu ya kuzaa mabinti watupu, na inawapa mabinti hao uzito ambao Mstahiki Meya haikuwapa wanawake wa Cheneo. Tatizo lake, kwa maoni yetu, ni kwamba Sara yupo ili awe mgonjwa. Maradhi yake ndiyo yanayowaleta wengine jukwaani na kuwapa la kusema.

Kwa hiyo kuhesabu majina ya watunzi ni lazima, lakini hakutoshi. Katiba ya 2010 imeweka kanuni kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na tunajua jinsi Bunge lilivyoizungushazungusha kanuni hiyo. Ikiletwa katika orodha ya tamthilia, haitafaa kitu pale ambapo kitabu kinachoteuliwa ni kimoja. Moja haigawanyiki kwa tatu. Inayowezekana ni zamu, na inayowezekana zaidi ni kuteua tamthilia mbili kwa pamoja ili mwanafunzi apate kuzigonganisha.

Jambo moja la utendaji lisisahaulike. Makundi yanayozunguka shuleni huenda na waigizaji wachache, na wengi wao ni wanaume, kwa kuwa tamthilia zilizoteuliwa zimekuwa zikiwahitaji wanaume. Mwigizaji mmoja wa kike hubadilisha leso na kuwa watu watatu. Nguzo Mama, inayohitaji jukwaa lililojaa wanawake kwa wakati mmoja, kundi la namna hiyo haliwezi kuicheza. Katika shule za wasichana hali ni kinyume: huko msichana huvaa koti akawa Meya Sosi au Majoka, na kicheko cha wenzake kikisikilizwa vizuri ni uhakiki wa aina yake, ambao mtunzi hakuuandika. Shule hizo zina waigizaji wa kutosha kuisimamisha Patata kesho asubuhi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, unaondoka hatua kwa hatua, na mtaala wa umilisi utahitaji orodha zake wenyewe. Walimu wamekwisha kuanza kuulizana ni tamthilia gani inayokuja.