Meno ya Bati Kwenye Tao

Kata ukanda wa bati wenye upana wa milimita 50, ukunje katikati uwe kama herufi L, kisha ujaribu kuufuatisha tao la dirisha. Ubavu unaoingia ndani ya tao utapinda bila ubishi. Ule wa pili, unaotakiwa kulala bapa ukutani chini ya vibao vya kufunikia ukuta, utagoma: ukanda utajisokota, mkunjo utabonyea, na ukilazimisha kwa nyundo utapata sura ya bakuli lililokanyagwa.

Viwandani wanatengeneza kanda nyumbufu za aluminiamu ambazo ubavu wake wa kufichwa umeshakatwa meno. Lakini ukanda wa mita 2.5 uliofungwa juu ya pikipiki kutoka Kindu hadi Kasongo, hapa Maniema, achilia mbali Kabambare, una nafasi ndogo ya kufika ukiwa umenyooka. Fundi wa huku afadhali ashike mkasi wa bati, akate meno mwenyewe. Kazi si ngumu. Wengi wanaiharibu kwa kukisia.

Chukua tao la nusu duara lenye nusu kipenyo cha milimita 300, na ubavu wa ukutani wa milimita 25. Kwenye mkunjo, urefu ni milimita 942. Kwenye ukingo wa nje wa ubavu huo, ni milimita 1,021. Pengo ni 79, na bati halitanuki kwa kuombwa. Ukikata kila baada ya milimita 20, unapata mikato 47, na kila mmoja utafunguka kiasi cha milimita 1.7. Jambo linalonifurahisha katika hesabu hii ni kwamba 79 haibadiliki hata tao likiwa la mlango wa kanisa: ni upana wa ubavu mara 3.14, basi. Tao kubwa linaigawa tu kwa mikato mingi zaidi. Kwa hiyo anayetaka kazi nyepesi apunguze upana wa ubavu kwanza.

Kuna anayekata kila baada ya milimita 50 ili amalize mapema. Katika tao letu, kila kipande kilichonyooka kitaachana na duara kwa milimita moja hivi, na jua la jioni likipiga ubavuni utaona pembepembe. Kwa milimita 20, kasoro hiyo hushuka chini ya 0.2, jicho haliioni.

Waliojenga kwa mimea hawakuhitaji mkasi. Ndani ya jengo kuu la makaburi ya Kasubi, Kampala, dari lilizungukwa na pete 52, kwa idadi ya koo za Baganda, kabla ya moto wa mwaka 2010. Fungu la nyasi au fito nyembamba hupinda kwa sababu kila uzi unateleza kando ya mwenzake. Bati ni uzi mmoja mpana. Meno ndiyo yanayoligeuza kuwa fungu.

Mkato usifike kwenye mkunjo. Acha milimita tatu hivi, na ukiwa na keekee toboa kitundu mwishoni mwake, ufa usipate pa kuanzia. Ubavu ukielekea katikati ya duara, kama juu ya nguzo ya mviringo, meno hayatafunguka bali yatapandana. Hapo kata kabari za umbo la V. Paka rangi kingo zote zilizokatwa, maana zinki imeondoka hapo na mvua za Maniema hazisubiri. Kama ni aluminiamu, isiguse saruji mbichi: inaliwa.

Wakati wa kufunga, usianzie mguuni mwa tao. Weka alama kwenye kilele, piga msumari wa kwanza hapo, ushuke na ukanda upande huu na upande ule, jino kwa jino. Milimita ulizokosea zitateremka hadi miguuni, ambako mkasi unazikata na hakuna anayejua.