Kalenda ya Fundi wa Mabango

Mteja anapomwendea fundi wa mabango hutanguliza mambo mawili: jina la duka na bei. Fundi anayeijua kazi yake humuuliza la tatu: "Mama, unafungua lini?" Akishaipata siku hiyo, huhesabu kurudi nyuma. Duka likifunguliwa Jumamosi, bango liwe limetundikwa Jumatano. Ili litundikwe Jumatano, herufi ziwe zimemalizika Jumapili. Hurudi hivyo siku kwa siku hadi aijue siku ya kununua bati. Mpita njia hauoni ustadi huu, ila bango lote limesimama juu yake.

Siku za mwanzo ni za kutazama. Fundi huenda kwenye fremu ya duka, akavuka barabara na kusimama ng'ambo, pale watakapopita wanunuzi. Anaangalia mwarobaini unaoziba upande mmoja, nyaya za umeme, bango la jirani, na jua linapopiga asubuhi na alasiri. Anakadiria umbali. Herufi yenye kimo cha sentimita 25 husomeka bila taabu kutoka mita 30 hivi. Ukiipunguza hadi nusu, msomaji naye lazima asogee hadi nusu ya njia. Hesabu hiyo ndiyo inayopunguza maneno. Mwenye duka anataka jina, bidhaa zote, namba tatu za simu na picha ya gunia la mchele. Fundi humshauri kwa upole abakize jina kubwa na bidhaa mbili, kisha humwandikia kila neno kwenye karatasi alisome kwa sauti na kutia sahihi. Ni afadhali kosa la tahajia lionekane kwenye karatasi kuliko juu ya mlango.

Siku hizohizo mteja hufuatilia kibali na ada ya bango. Zipo sehemu ambako hatua hii huongoza kalenda nzima. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na majengo yake yana mamlaka ya hifadhi iliyoundwa mwaka 1985. Fundi wa huko hachovyi brashi kabla ruhusa haijatoka.

Kisha huja bati, na hapa ndipo haraka inapolipiza kisasi. Bati jipya linang'aa kwa zinki na mafuta ya kiwandani. Ukilipaka rangi ya mafuta moja kwa moja litapendeza siku ya kwanza, lakini zinki itaila rangi kutoka chini, na baada ya misimu michache itaanza kubanduka vipande vipande. Kwa hiyo fundi hulisafisha bati, hulisugua kwa msasa likose mng'ao, hulipaka praima inayoshika zinki, halafu huliacha. Wakati linakauka, mchomeleaji anaunganisha fremu ya chuma. Kazi mbili hupita pamoja ndani ya siku moja bila kugongana, na mpangilio wa namna hiyo hauji kwa bahati.

Rangi ya mafuta hukauka kwa saa zake. Ukiigusa baada ya saa kadhaa utadhani iko tayari, kumbe chini bado ni laini. Mkono wa pili husubiri hadi kesho yake. Mkono mmoja wa praima, miwili ya rangi ya chini na miwili ya herufi: hizo tayari ni siku tano, na hakuna brashi iwezayo kuzipunguza. Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ina unyevu, fundi huongeza siku. Masika, kati ya Machi na Mei, huongeza nyingine, maana tone la mvua kwenye rangi mbichi huacha alama isiyofutika.

Siku ya herufi ndiyo niipendayo kuliko zote. Uzi wenye chaki unavutwa na kuachiwa, nao unaacha mstari ulionyooka juu ya bati. Fundi anaegemeza kifundo cha mkono kwenye fimbo, anashusha pumzi, na kuuvuta mguu wa herufi kwa mpigo mmoja. Rula haimtoshi. O hupitisha mstari kidogo juu na chini, la sivyo itaonekana fupi kuliko E. A na V zikikutana husogezwa karibu, vinginevyo neno hupasuka katikati. Haya hupimwa kwa jicho, na jicho huyaona vizuri likipewa muda wa kurudi nyuma hatua kumi na kutazama upya.

Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za namna hii za dukani juu ya vibao vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini wachoraji wanaoifuata njia yake bado husubiri rangi ya nyuma ikauke kabla ya kumleta chui au ndege. Mwalimu wao na wa fundi wa mabango ni mmoja: subira ya rangi.

Leo mashine huchapa turubai kwa siku moja, na kwa tangazo la wiki mbili hiyo inafaa kabisa. Jina la duka ni jambo jingine. Hilo linatakiwa kukaa miaka, juani na mvuani, likimwita mtu asiyekujua.

Basi wewe unayepanga kufungua duka, usimwache fundi wa mabango awe wa mwisho kuitwa, siku mbili kabla ya ufunguzi, baada ya shelfu na bidhaa. Mwite wiki tatu kabla, mpe kianzio cha kununulia vifaa, mwambie siku yako, kisha mwache azipange zilizobaki.