Alaimenti Safi, Gari Bado Linavuta

Gari jipya likivuta kushoto, mwenyewe hulipeleka kwenye alaimenti. Likirudi barabarani na kuvuta tena, hulirudisha kulekule, analipa tena. Hapo ndipo fedha hupotea bure. Mashine ya alaimenti hupima pembe za magurudumu, basi. Haijui tairi limetengenezwaje kiwandani, wala lami imeinama kiasi gani. Gari linaweza kutoka gereji na karatasi yenye namba za kijani tupu, na dereva akaendelea kupigana na usukani.

Ukitaka kuona ugumu wa jambo hili, fuata magari ya Malolo. Kata hiyo ya vitunguu, katika Wilaya ya Kilosa, Jimbo la Mikumi, hulazimisha gari kupita njia ya vumbi kabla ya kushika barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Lami nayo ina yake: uzito wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo huikandamiza ikabonyea palipopita matairi, na gari dogo likiingia kwenye mifereji hiyo huyumba hata kama halina kasoro. Kisha kuna matuta ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara hukatiza kwa takriban kilomita 50. Tuta moja likirukwa kwa kasi linatosha kuharibu vipimo vya asubuhi hiyo hiyo.

Fundi makini huanza kwa kuondoa lawama zisizo za gari. Barabara hujengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji yateremke pembeni. Mwinamo wa asilimia 2.5 tu hulisukuma gari la kilo 1,500 kwa ubavu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 37 hivi, na kwa kuwa Tanzania huendesha kushoto, msukumo huo ni wa kushoto. Kwa hiyo jaribio la kweli, la kuachia usukani kidogo na kuona gari linaelekea wapi, hufanywa kwenye uwanja mpana, tambarare, usio na watu. Ndani ya hifadhi, penye tembo na malori, si mahali pa kuachia usukani.

Kinachofuata ni upepo wa matairi, upimwe yakiwa ya baridi, halafu jaribio ambalo gereji nyingi hulipuuza ingawa halihitaji mashine yoyote: kubadilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto. Gari lililokuwa likivuta kushoto likianza kuvuta kulia, mkosaji ni tairi. Ndani yake nyaya za chuma zimekaa upande kidogo, hivyo linaviringika kama pia, na hata tairi jipya kabisa linaweza kuwa hivyo. Yale yenye mshale wa mwelekeo hubadilishwa mbele kwa nyuma, upande uleule.

Dalili nazo hazifanani. Usukani uliokaa upande huku gari likienda moja kwa moja huelekeza kwenye tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) zilizorekebishwa bila usukani kufungwa katikati, au kwenye ekseli ya nyuma iliyopinda. Gari linalovuta kweli huelekeza kwenye kemba (gurudumu kuinama ndani au nje) au kasta (mhimili wa usukani kuinama mbele au nyuma) zisizolingana kushoto na kulia, breki inayoshika, au tairi. Tairi linaloliwa upesi ni habari nyingine: gurudumu lililopotoka nusu digrii huburuzwa kando karibu mita 9 kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi, kilomita 300 hivi, mburuzo huo hupita kilomita mbili na nusu.

Aina ya gari pia huamua kinachowezekana. Toyota IST hurekebishwa tairodi za mbele, na nyuma haina marekebisho. Kemba ikiwa mbaya, kuna kitu kimepinda au kimechoka. Hilux ina boliti za kurekebisha kwenye mikono ya chini ya mbele. Land Cruiser ya ekseli nzima yenye springi za koili, ikiinuliwa kwa ajili ya safari za mbugani, hupoteza kasta na usukani hulegea. Dawa yake ni bushi maalumu za kurudisha kasta. Magari yenye usukani wa umeme huhitaji pia sensa yake ipangwe upya kwa kompyuta. Hatua hiyo ikirukwa, mota yenyewe inaweza kuusukuma usukani upande mmoja, na hakuna tairodi itakayoponya hilo.

Kabla ya kulipia alaimenti nyingine, dai karatasi mbili: vipimo vya kabla na vipimo vya baada, magurudumu yote manne. Gari likiwa bado na dhamana, zipeleke kwa aliyeliuza pamoja na jibu la jaribio la matairi, na umtake aseme kwa maandishi ni kifaa gani atabadilisha.