Visi Ndogo Hupimwa kwa Vidole

Huku Makobola fundi redio hatupi mzoga. Redio iliyokufa, simu iliyozama ziwani, regileta ya sola iliyoungua, vyote vinafunguliwa, na visi zake (Mtanzania angesema skrubu) zinaingia kopo moja. Kuchagua ndani ya kopo hilo ni ufundi, na pakiti mpya kutoka Uvira nayo ichaguliwe vilevile. Kung'aa si hoja.

Anza na kichwa. Tia ncha ya bisibisi isiyo na sumaku kwenye msalaba, kisha ulaze mkono. Visi iliyochongwa vizuri inabaki imening'inia. Mbovu inachezacheza na kudondoka, na siku ya kukaza italiwa kichwa. Ila usiilaumu kabla ya kuangalia bisibisi yako. Redio nyingi za Kijapani zina visi zenye kidoa kidogo kando ya msalaba. Huo si msalaba wa Phillips, Mmarekani wa miaka ya 1930. Bisibisi ya Phillips inapanda juu na kuutafuna.

Halafu hesi, ile mistari inayozunguka shina. Visi ya kuingia kwenye plastiki ina hesi zilizoachana, kali kama wembe. Ya kuingia kwenye chuma, hesi zake zimebanana: M3 ina nusu milimita kati ya mstari na mstari, M2 ina 0.4. Ukiingiza M3 ya chuma kwenye nguzo ya plastiki itakaza vizuri leo, lakini fungua mara mbili tatu uone: tundu limebaki unga. Hata iliyo sahihi usiisukume tu. Izungushe kinyume kwanza, taratibu, mpaka kidole kisikie "tik" inapodondokea kwenye njia yake ya zamani. Hapo ndipo ukaze. Anayeruka hatua hii simpi redio yangu.

Sumaku ya spika iliyokufa inakuambia chuma gani unacho. Cha kawaida kinaruka na kuganda. Kisichoshika kutu kinasitasita, au hakijali kabisa. Hicho cha pili kitafutie regileta inayokaa karibu na betri ya asidi, maana mvuke wake unakula upesi zinki inayofunika visi za kawaida. Lakini usikipende kupita kiasi: ni laini kuliko kinavyoonekana, na kikikutana na nati ya chuma kama chenyewe vinaweza kung'ang'aniana hadi shina likatike.

Kwenye simu, urefu unatangulia yote. Tofauti ya milimita moja, tena vichwa vinafanana! Mimi huchora simu kwenye karatasi na kubandika kila visi mahali ilipotoka. Nilianza kuchora baada ya kurudisha ndefu kwenye tundu la fupi: ncha ilikata njia za umeme ndani ya ubao, kimya kimya. Simu ikawa giza, nikadhani ni kioo. Nikanunua kingine kwa pesa yangu, nikakifunga, na simu ikabaki giza.