Kamera ya Mtumba na Radi za Tororo

Kati ya 1967 na 1976, Tororo, Uganda, ilihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Mpiga picha wa Nabuyoga, wilayani Tororo, basi hana haja ya kuifuata radi mbali. Anahitaji kamera inayojua kuisubiri. Canon PowerShot A610 ya mtumba inaweza, ikipewa CHDK, programu ya bure iliyoanzishwa na mtu ajiitaye VitalyB, kisha GrAnd akaiendeleza.

CHDK haiigusi programu ya kiwandani. Kadi ya kumbukumbu huandaliwa iweze kuwasha kamera, huwekewa faili la DISKBOOT.BIN, kisha kile kitelezi cha ubavuni mwa kadi husukumwa upande wa “Lock”. Kamera ikikuta kadi imefungwa hivyo, hulisoma faili hilo kwanza. CHDK hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, sambamba na programu ya Canon, na picha huhifadhiwa vilevile. Ukifungua kadi, kamera hurudi kama ilivyonunuliwa.

Kwa waundaji wa CHDK, kazi kubwa ilikuwa kuipata programu ya Canon yenyewe ili ichunguzwe. Kwa baadhi ya kamera, wachunguzi waliifanya taa ndogo imwekemweke data yote, biti kwa biti, huku kihisi cha mwanga kilichochomekwa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta kikiirekodi kama sauti. Huo ni ufundi wa kuvuliwa kofia.

Sasa radi. Usiku, shata likikaa wazi sekunde 15, kamera hizi hupiga picha ya pili gizani kwa muda uleule ili kufuta chengachenga. Sekunde 15 nyingine zimepotea, na radi haingoji. CHDK huizima hatua hiyo, na skripti fupi hupiga mfululizo. Mchana hutumika kitambua mwendo: kioo hugawanywa viboksi, mwangaza ukiruka ghafla shata hufyatuka. Huchelewa kidogo, lakini radi moja mara nyingi hupiga mapigo kadhaa kwenye njia ileile, na la pili au la tatu hunaswa. Piga ukiwa ndani ya nyumba, radi huua.

Kabla ya kulipia kamera pale mjini Busia, weka kadi yenye faili tupu liitwalo ver.req, nenda upande wa kutazama picha, shikilia FUNC/SET na ubonyeze DISP. Toleo la programu litaonekana. CHDK iliyotengenezewa toleo jingine haitafanya kazi.