Keki ya Elfu Thelathini na Tano

Keki ilitoka Mpanda mjini ikiwa imepakatwa na konda wa Noah, na ilipofika Sitalike ilikuwa imebonyea upande mmoja. Krimu ya waridi ilikuwa imegandia kwenye kifuniko cha boksi, na jina la mtoto lilibaki herufi tatu. Dada aliyefanya kazi kwenye mgahawa wa mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akacheka, akaenda kutafuta kisu cha kuisawazisha. Mimi nilikuwa mezani na daftari la hesabu. Nikamuuliza bei. Elfu thelathini na tano, na nauli ya boksi elfu mbili.

Mshahara wake ulikuwa 70,000 kwa mwezi. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nauandika.

Nilikuja Sitalike Desemba 2023, baada ya kumaliza chuo Dodoma, "kumsaidia mama mdogo". Kila aliyemaliza chuo akarudi kwa ndugu bila kazi anaijua sentensi hiyo. Kwa asiyepajua, Sitalike ni kijiji cha barabarani, pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mto Katuma unapita hapo, na kiangazi maji yakipungua viboko hubanana kwenye tope karibu na daraja kama abiria wa daladala. Malori yanayokwenda na kutoka Sumbawanga husimama, madereva hula. Mama mdogo ana meza nne, majiko matatu ya mkaa na huyo dada, ambaye nitaendelea kumwita dada kwa kuwa ndivyo tulivyomwita wote, wakubwa na wadogo.

Kwenye simu yangu kulikuwa na kitabu nilichokuwa nimekisoma mara mbili: The Richest Man in Babylon cha George S. Clason. Hiki ndicho ninachotaka kukihakiki, na najua nimechelewa karibu miaka mia, maana kilitoka 1926. Lakini kwenye magrupu ya WhatsApp ya wahitimu PDF yake inatumwa kama vile imetoka jana. Nina hakika wewe unayesoma umeshatumiwa, na huenda umeshamtumia mtu.

Nianze na haki yake. Ni kitabu kinachosomeka. Clason hakuwa mhubiri wala mchumi, alikuwa na kampuni ya kuchapisha ramani huko Denver, Marekani. Hadithi zake zilianza kama vijitabu ambavyo benki na kampuni za bima zilivigawa kwa wateja. Anajua kusimulia. Arkad, mwandishi wa mabamba ya udongo, ana njaa ya kuwa tajiri. Mzee mkopeshaji aitwaye Algamish anampa siri: sehemu moja ya kumi ya kila unachopata usiiguse, ni yako. Arkad anajaribu, anakosea, anajaribu tena, anatajirika. Ukikisoma usiku umelala kwenye mkeka na huna kazi, unaamka na nguvu. Mimi niliamka na kalamu. Nikapiga hesabu za watu.

Moja ya kumi ya 70,000 ni 7,000. Kwa mwaka ni 84,000. Nilimwambia dada hivyo, keki ikiwa katikati yetu.

"Nusu ya mshahara kwenye keki, dada? Ungekuwa unaweka hata elfu saba saba."

Hakukasirika. Alikuwa analamba krimu kwenye kisu.

"Msomi, wewe sherehe yako ya kumaliza chuo walichanga shilingi ngapi?"

Walichanga 1,150,000. Kulikuwa na kamati, kadi, mshehereshaji, na keki ya ngazi tatu ambayo ngazi ya chini ilikuwa boksi lililopakwa krimu. Mshahara wake wa mwaka mzima ulikuwa 840,000. Sikumjibu, nikajifanya natafuta ukurasa kwenye daftari.

Usiku ule nilirudi kwenye kitabu, nadhani nikitafuta cha kunitetea, nikakutana na keki. Sikuwa nimeiona mara mbili za kwanza. Arkad, akiba yake ikishaanza kuzaa, anamweleza Algamish kwa furaha kwamba faida anaitumia kwa karamu: asali, mvinyo, keki ya viungo. Amejinunulia na joho jekundu. Mzee anamcheka, kwamba hao anaowala ni watoto wa akiba yake, wangekua na wao wangezaa. Msomaji tunatakiwa tucheke pamoja na mzee. Safari hii nilitaka kujua jambo dogo tu, faida hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka kwa Aggar, fundi wa ngao. Arkad alimkopesha akiba yake anunulie shaba, na kila baada ya miezi minne Aggar alimlipa riba. Ndivyo pesa inavyozaa Babeli. Haizaani yenyewe chini ya godoro, kuna mtu anailea. Kitabu kinamtaja Aggar kwa jina na kumwacha hapo hapo. Hatujui alikuwa na wanafunzi wangapi karakana, aliwalipa nini, na mwezi ambao ngao hazikuuzika alikatia wapi riba ya Arkad.

Mimi nilijua, kwa kuwa nilikuwa na daftari la Aggar mapajani. Aggar wa Sitalike ni mama mdogo. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini mpaka kilo ikafika 4,000 na kuzidi, na chai ya madereva haikungoja, alichukua mkopo wa 200,000 katika ile tunayoiita kausha damu. Alirejesha 260,000. Nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo, mstari chini ya mstari: riba 60,000, mshahara wa dada 70,000. Mistari miwili inakaribiana hivyo. Asubuhi ya siku ya kurejesha, kilichocheleweshwa hakikuwa riba. Mwenye mkopo anakuja na pikipiki na anakaa mlangoni. Dada analala chumba cha nyuma na hana pa kwenda kukaa.

Kwa hiyo mtu fulani mjini, ambaye pengine amesoma PDF ile ile na kutenga sehemu yake ya kumi kwa nidhamu, alikuwa anatajirika kwa kanuni za Babeli barabara kabisa. Dada alikuwa upande wa pili wa kanuni hizo. Ushauri wangu ulikuwa kwamba ahamie upande ule kwa 7,000 kwa mwezi.

Kinachoniuma kama mhakiki ni kwamba Clason aliliona hili. Katika sura ya kwanza kabisa, Bansir fundi wa magari ya farasi na rafiki yake mpiga kinubi wanalalamika kwamba wanafanya kazi maisha yao yote na mifuko ni mitupu. Wakiwa wanaongea, unapita msafara wa watumwa waliobeba viriba vya maji kwenda kunywesheleza bustani za mfalme. Wale marafiki wanawatazama, na kwa kitambo wanajiona hawatofautiani nao sana. Hapo kuna kitabu kingine kabisa, kikubwa kuliko hiki. Kisha mazungumzo yanageuka, wanakwenda kwa Arkad kuuliza siri, na wabeba maji wanaishia barabarani. Watumwa wanarudi baadaye, kweli, lakini mmoja mmoja, tena wale waliotoka: huyu alilipa madeni yake, yule aliipenda kazi mpaka ikamkomboa. Waliobaki na viriba mgongoni hawana sura.

Nimewahi kudhani kwamba dawa ya kitabu kama hiki ni vitabu vya upande wa pili, vinavyomtetea maskini. Nilivitafuta. George Orwell, katika The Road to Wigan Pier cha 1937, anaeleza kwa nini wachimba makaa wasio na kazi hawali vyakula vya afya na rahisi: maisha yakiwa yamekuchosha hivyo unataka kitu chenye ladha. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Nobel 2019, wanasimulia katika Poor Economics habari ya mtu wa kijijini Morocco ambaye chakula hakimtoshi lakini ana televisheni, na wanaonyesha kwamba kijiji kisicho na la kufanya jioni kinahitaji televisheni. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za nchi mbalimbali mwaka 2014 na kukuta kwamba, karibu kote, watu maskini wakipewa fedha taslimu hawaongezi pombe wala sigara. Yote hayo nayaamini. Hayo ya mwisho natamani yangebandikwa kwenye kila kikao cha kijiji kinachojadili walengwa wa TASAF.

Nikajaribu kumtetea dada kwa njia yao. Keki ni uwekezaji katika jamii, nikaandika. Siku mtoto wake akiugua, waliokula keki watachanga. Ilikuwa aya nzuri na nilikaribia kuituma kwenye hili gazeti. Nikaifuta, kwa sababu nilikuwa nimemwona akiisawazisha ile keki kwa kisu na hakuwa anawekeza. Mtoto alikuwa anatimiza miaka mitano, anaishi kwa bibi yake, ameletwa kwa siku mbili, na mama yake alitaka awe na keki yenye jina. Basi. Aya yangu ilikuwa inamruhusu kula keki kwa sharti kwamba iwe na faida, na hilo ni sharti la Algamish lile lile, limevaa nguo za huruma.

Angalia ni nani anayewekewa sharti hilo. Ndani ya hifadhi kuna kambi ambako kitanda cha usiku mmoja ni dola mia kadhaa, na wageni wengi hutua kwa ndege ndogo Ikuu bila hata kuiona Sitalike. Hakuna anayeuliza kama wanaweka moja ya kumi. Mimi nilinunua bando la 10,000 mwezi ule nikamaliza kwa video, bando la mtu asiye na mshahara wowote, na hakuna aliyenipigia hesabu. Kiswahili chenyewe kimeshajipanga. "Akiba haiozi" anaambiwa yeyote, lakini ile ya maskini akipata, matako hulia mbwata, ina mwenyewe. Sijui methali ya tajiri akipata.

Kuna jambo sijalisema, na ndilo lililonifanya niandike.

Aprili, mama mdogo aliniuliza kama hesabu zinaruhusu kumwongeza dada hadi 90,000. Wazo lilikuwa lake, mimi sikuwa nimelifikiria. Dada alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuwasha majiko na kuosha sufuria za mwisho saa tatu usiku, na katikati anafua nguo za nyumbani, zangu zikiwemo. Nikafungua simu. Amri ya Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kuwa 60,000. Nikamwambia mama mdogo kwamba tayari tumezidisha elfu kumi. Amri hiyo hiyo ilitaka 120,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri, na 140,000 kwenye kilimo. Kulala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya mkaa kulimpunguzia nusu ya thamani. Tena mfanyakazi wa nyumbani gani anayepikia malori? Lakini neno "dada" lilitosha kumweka kwenye fungu la bei rahisi, na mimi ndiye niliyelichagua fungu.

Kisha nikaongeza, nakumbuka vizuri, nikicheka: "Mama, ukimwongeza atanunua keki mbili."

Waajiri wa kikoloni walikuwa na hoja ya namna hii. Walidai Mwafrika hufanya kazi kwa ajili ya kodi na shuka tu, kwa hiyo ukimwongeza mshahara atafanya siku chache zaidi. Bora asiongezwe, kwa faida yake. Tulifundishwa hilo chuoni. Nilipata A kwenye somo hilo.

Mama mdogo naye akacheka, akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiye umesoma," na habari ya 90,000 ikaishia hapo.

Dada aliondoka Juni. Hakugombana na mtu. Alilipwa 66,000, kwa sababu kulikuwa na sahani mbili zilizovunjika na nilikuwa nimeziandika. Aliyekuja baada yake alianza kwa 70,000. Nilipomwambia mama mdogo kwamba labda huyu tumwanzishie juu kidogo, alinitazama kama mtu aliyesahau maneno yake mwenyewe, akanirudishia ile ya keki mbili, neno kwa neno, na safari hii alicheka peke yake.

Ile keki tuliila wote, hata dereva mmoja wa lori la mahindi aliyekuwa anasubiri ugali. Mtoto alikula lile pande lenye herufi zake tatu. Mimi nilikatiwa kipande juu ya kifuniko cha sufuria, na nilipomaliza nikaomba kingine.