Jicho la msimulizi na moyo wa msomaji

Mara nyingi tukisoma hadisi twasema: huyu nampenda, yule simpendi. Twadhani tumechagua sisi wenyewe. Kumbe msimulizi alichagua mbele yetu: alitusimamisha karibu na mmoja, akatuacha mbali na mwingine.

Tutazame hadisi ya Gustave Flaubert, Un cœur simple, iliyotoka mwaka 1877 katika kitabu Trois contes. Félicité ni mtumishi wa Bibi Aubain katika mji wa Pont-l'Évêque, Ufaransa, kwa muda wa miaka 50. Mshahara wake ni faranga 100 kwa mwaka. Mwanzoni twamwona kwa macho ya mabibi wa mji, wanaomwonea Bibi Aubain wivu. Anapika, anafua, anashona, hasemi sana. Mwisho wa sura ya kwanza yeye ni kama sanamu ya mti inayofanya kazi. Twamsifu jinsi mtu anavyosifu jembe zuri, kumpenda bado.

Katika sura ya pili msimulizi anahama. Twasikia kwamba Théodore alimwahidi ndoa, kisha akaoa mwanamke mzee tajiri ili aepuke uaskari. Félicité alijitupa chini, akalia peke yake mashambani mpaka jua kuchomoza. Mtumishi ni yule yule. Pahali petu pa kutazamia ndipo palipobadilika.

Baadaye Victor, mtoto wa dada yake, baharia, yuko Havana. Félicité anamwomba Bwana Bourais amwonyeshe mji huo katika ramani, halafu aonyeshwe na nyumba anamokaa kijana. Bourais anacheka mno. Sisi pia twajua kwamba ramani haionyeshi nyumba ya mtu. Kwa akili tuko upande wa Bourais. Hata msimulizi anakiri kwamba akili ya Félicité ilikuwa fupi. Lakini hatucheki, kwani tumekwisha kungoja habari za Victor pamoja naye.

Wengine watasema hadisi hii yadharau dini, maana Félicité anachanganya Roho Mtakatifu na kasuku wake aliyekufa. Sikubali. Saa ya kufa kwake, maandamano ya sikukuu ya Mwili wa Kristu yanapita karibu, na harufu ya ubani yapanda chumbani. Anadhani anaona kasuku mkubwa juu yake, mbingu zikifunguka. Flaubert haandiki kwamba ni kweli, wala hamcheki. Anaandika tu yale Félicité aliyodhani kuyaona, naye atunyima kiti cha hakimu.

Ufunguo wa hadisi, nadhani, ni Komunyo ya kwanza ya Virginie, binti wa Bibi Aubain. Félicité anamtazama mtoto hata ajiona kuwa yeye. Kesho yake anapokea Komunyo mwenyewe, lakini bila utamu ule. Mwanamke huyu afanya kwa upendo jambo lile lile ambalo msimulizi atufanyisha kwa ufundi wake.

Padri na katekista hukutana na mama mzee anayechanganya maneno ya sala. Ni rahisi kucheka kama Bourais, ambaye, tusisahau, mwishoni alionekana kuwa mwizi wa mali ya Bibi Aubain. Kosa la mafundisho tulisahihishe, ndiyo kazi yetu. Lakini kwanza tukasimame pale mama anaposimama, tuitazame ramani kwa macho yake.